Kabla ya Kubadili Pikapu za Gitaa

Mazungumzo na wapiga magitaa, viongozi wa kwaya na mafundi wa vyombo, Moshono, Arusha



Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza imekuwaje sisi, tuliozoeleka kwa habari za mizani, saruji na unga wa sembe, tuje kuzungumza juu ya magitaa. Huenda pia wapo wanaoshangaa kuitwa "walaji", ilhali hakuna aliyewahi kula gitaa. Neno hilo ni la kisheria: mlaji ni yeyote anayenunua bidhaa au huduma kwa ajili ya kuitumia, si kwa ajili ya kuiuza tena. Mpiga gitaa anayenunua kipuri cha gitaa lake ni mlaji sawasawa na mama anayenunua kilo mbili za mchele, isipokuwa mama huyo anauona mchele wake, anaushika na kuunusa. Mpiga gitaa hununua kisanduku kilichofungwa, ambacho ndani yake mna waya asiouona, na anaambiwa sauti itakuwa nzuri.

Fedha yenyewe, mara nyingi, si yake. Magitaa mengi yanayopigwa katika makanisa na kumbi za hapa yalinunuliwa kwa michango: bahasha za waumini, harambee, mauzo ya kanda na diski za kwaya. Mhazini hutoa fedha, mpigaji hutumwa mjini au Kariakoo au ng'ambo ya mpaka wa Namanga, na akirudi na kitu kisichobadilisha lolote, ndiye atakayesimama mbele ya kikao kujieleza. Kwa hiyo tumeona vema tuzungumze juu ya kipuri hiki kimoja, kwa kuwa ndicho kinachonunuliwa kwa matumaini makubwa kuliko vyote na kwa maarifa machache kuliko vyote.

Tuanze na kitu chenyewe. Pikapu tunayoizungumzia si gari la kubebea mizigo. Ni kile kipande kirefu, cha plastiki au chenye kifuniko cha chuma, kilicholala chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo umesokotwa waya wa shaba mwembamba mno, ulio karibu na wembamba wa unywele wa kichwa, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, huichezesha nguvu ya sumaku iliyoizunguka, na mchezo huo huzaa umeme mdogo katika waya. Umeme huo mdogo ndio unaosafiri kwenye kebo hadi kwenye amplifaya. Ndiyo sababu ukifunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la namna hii hutasikia kitu: sumaku haina habari na nailoni.

Mambo mawili yanafuata kutoka katika maelezo hayo mafupi, na yote mawili yana thamani ya fedha. La kwanza, pikapu haina sehemu inayosogea wala kusagika. Si kama betri inayoisha, wala si kama tairi linalolika. Pikapu iliyotengenezwa miaka 40 iliyopita inaweza kuwa nzima kabisa leo. Inaweza kufa, ndiyo: waya ukikatika kwa kutu au kwa pigo, sauti huondoka au huwa nyembamba sana. Lakini "pikapu imechoka" ni usemi ambao ukiusikia dukani unapaswa kuuliza, kwa upole, imechoka vipi.

La pili, koili ile ile inayopokea mtetemo wa uzi hupokea pia kila umeme unaopita jirani. Umeme wa gridi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili huusikia. Huo ndio mvumo mnaoufahamu, unaozidi mpigaji akisogea karibu na transfoma ya amplifaya, taa za mirija au kompyuta. Tatizo hilo ni la tangu zamani kama gitaa la umeme lenyewe, ambalo lilianza kuuzwa Marekani na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker mnamo 1932. Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, aliomba hataza ya dawa yake: koili mbili badala ya moja, zilizounganishwa na kupangiwa sumaku kwa namna ambayo mvumo wa koili moja unaufuta mvumo wa nyingine, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Pikapu ya aina hiyo huitwa hambaka. Ile ya zamani huitwa ya koili moja, na haikufa. Bado ipo kwenye mamilioni ya magitaa, kwa sababu ina sauti yake ambayo hambaka haiwezi kuitoa.

Sasa, kabla hatujafika dukani, tuna ombi. Msinunue pikapu kabla hamjathibitisha kwamba tatizo ni pikapu.

Kwaya moja, ambayo hatutaitaja, ilileta lalamiko kwamba imeuziwa pikapu bandia. Ushahidi wao ulikuwa mmoja: mvumo uliokuwapo kabla ya kubadili ulikuwa ule ule baada ya kubadili. Pikapu zilipopimwa zilikuwa sawa na maelezo ya kwenye boksi. Mvumo ulitoka ukutani. Soketi za ukumbi ule hazikuwa na waya wa ardhi uliounganishwa, na plagi ya amplifaya ilikuwa ya pini mbili, ikiingizwa kwa kuchokonoa tundu la juu kwa njiti. Muuzaji hakuwa na kosa. Fedha za kwaya zilikuwa zimekwenda.

Hapa tunaomba mtusikilize kuliko mahali pengine popote katika mazungumzo haya. Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma, na kwa kawaida zimeunganishwa, kupitia daraja la gitaa na kebo, na sehemu ile ya amplifaya inayopaswa kwenda ardhini. Amplifaya isiyo na waya wa ardhi ikipata hitilafu, umeme unaweza kuja hadi kwenye vidole vya mpigaji. Akiwa ameshika nyuzi na kugusa kipaza sauti kilichounganishwa na chombo kingine, mwili wake ndio unaokuwa daraja kati ya vyombo viwili. Wapo wapigaji wanaozoea kusikia mwasho midomoni wanapoimba na kulifanya jambo la kuchekesha. Si la kuchekesha. Mwasho huo ukitokea, zimeni vyombo, msiendelee na wimbo, na mwiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aipime soketi. Wala msikate pini ya ardhi ya plagi kwa sababu mtu amewaambia itapunguza mvumo. Huenda kweli ikaupunguza. Gharama yake yaweza kuwa uhai wa kijana wa kwaya, na hakuna pikapu duniani ya kulipia hilo.

Tukiisha kuondoa hofu ya umeme, ukaguzi wa gitaa lenyewe ni rahisi na karibu hauna gharama. Anzeni na nyuzi. Uzi uliokaa miezi sita ukilowa jasho huota kutu na kupoteza mng'ao, na sauti iliyofifia kwa sababu ya nyuzi huwafanya watu waende kununua pikapu kila siku. Seti mpya ya nyuzi ni sehemu ndogo sana ya bei ya pikapu moja. Kisha kebo: azimeni kebo nyingine iliyo nzima. Kebo ya gitaa inapaswa kuwa na waya wa katikati uliofunikwa na wavu wa shaba pande zote, na wavu huo ndio unaozuia mvumo. Kebo iliyoungwa kwa waya wa kawaida wa spika haina wavu, nayo itavuma hata mkiifunga kwenye gitaa la bei kubwa kuliko yote Arusha. Kebo ikiwa ndefu kupita kiasi, sauti za juu hupungua. Halafu tundu la jeki, ambalo hulegea kwa kukanyagwa kebo. Halafu vitufe vya sauti na toni, ambavyo vikikwaruza vinahitaji kusafishwa tu.

Jaribio la mvumo ni hili. Washa amplifaya, usipige, kisha weka kiganja juu ya nyuzi. Mvumo ukipungua, waya unaounganisha daraja na ardhi ya gitaa uko mahali pake. Usipobadilika, au ukizidi, huenda waya huo umeachia ndani ya gitaa, na kazi iliyopo ni ya kuulehemu kwa risasi, dakika chache kwa fundi makini. Baada ya hapo mpigaji ageuke taratibu akiwa amesimama mahali pamoja. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri anavyogeuka, basi kweli ni koili inayoupokea, na hapo ndipo mazungumzo ya kubadili pikapu yanapoanza kuwa na maana.

Kimo nacho kisisahauliwe. Pikapu nyingi zina skrubu mbili pembeni za kuipandisha na kuishusha. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na pikapu: milimita 2 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia, zaidi kidogo upande wa nyuzi nene. Pikapu iliyoshuka sana hutoa sauti dhaifu. Iliyopanda sana, hasa zile za koili moja zenye sumaku kali, huvuta nyuzi zenyewe, na noti za juu shingoni huanza kutetema na kukataa kukaa kwenye toni hata gitaa liwe limetuniwa vizuri. Bisibisi ya kawaida inamaliza kazi.

Kipimo cha mwisho kinahitaji mita ya fundi, ile inayopima omu. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua kitufe cha sauti hadi mwisho, chagua pikapu moja kwa swichi, kisha gusa ncha mbili za jeki ya upande wa pili. Pikapu ya koili moja iliyo nzima itasoma, kwa kawaida, kati ya kilo-omu 5 na 7. Hambaka ya kawaida, 7 hadi 9. Zile zilizosokotwa kwa nguvu kubwa, 13 na kuendelea. Kipimo kupitia kebo hupungua kidogo kwa sababu kitufe cha sauti nacho kinashiriki. Mita isiposoma kitu cha kueleweka, au ikisoma mamia ya kilo-omu, kuna mkatiko, katika koili au katika waya unaotoka humo. Ikikaribia sifuri, kuna waya mahali fulani unaogusa usipotakiwa. Pikapu zote zikisoma vizuri na sauti bado haiwaridhishi, basi si suala la ubovu. Ni suala la kuchagua.

Kuchagua huanza na muziki, si na duka. Katika jiji hili hili, ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, Wilson na George, walikuwa na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya walikokuja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Muziki wa dansi wa namna ile ulisimama juu ya magitaa kadhaa yanayosemezana: la solo, la ridhimu, na chini yao besi. Ili magitaa hayo yasimezane, kila moja lilihitaji sauti safi, nyepesi, yenye ncha, ambayo sikio linaweza kuitenga na mwenzake. Sebene la kwaya za leo linataka kitu kile kile. Ukiweka pikapu yenye nguvu nyingi mno katika muziki huo, umeme wake mkubwa huielemea amplifaya mapema, sauti hukwaruza na kuwa nzito, na lile gitaa la solo lililopaswa kung'ara juu ya shingo hugeuka kuwa ukuta. Anayepiga roki atafurahi. Mpigaji wa kwaya atarudi dukani.

Kwa sababu hiyo neno "nguvu" ndilo tunaloliogopa kuliko mengine yote katika biashara hii. Muuzaji husema: hii ni kilo-omu 16, ile ni 7, kwa hiyo hii ni bora mara mbili. Si kweli, na hata kama ni nguvu tu anayoizungumzia, namba hiyo peke yake haithibitishi. Omu hupima jinsi waya unavyozuia umeme. Waya mwembamba zaidi huzuia zaidi hata kama mizunguko ni ile ile, na aina ya sumaku haimo kabisa katika namba hiyo. Linganisha omu kati ya pikapu za muundo mmoja, na hapo upate fununu tu: mizunguko ikizidi, sauti hupanda na kuwa nene, lakini mng'ao wa juu hupungua. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu.

Sumaku nazo ni za aina mbili kubwa. Alniko ni aloi ya chuma yenye alumini, nikeli na kobalti, nayo hupewa namba: ile ya namba 2 ni laini, ya namba 5 ni kali na yenye mng'ao zaidi. Nyingine ni ya feraiti, ambayo wauzaji huiita ya kauri. Ni ya bei nafuu na yenye nguvu, na kwa kuwa imo katika magitaa mengi ya bei ya chini, watu wameizushia kwamba ni mbovu. Hatukubaliani nao. Ziko pikapu za feraiti zilizotengenezwa kwa uangalifu na zinazosifiwa na wapigaji wakubwa. Tunachokataa ni feraiti kuuzwa kwa jina na bei ya alniko.

Kati ya koili moja na hambaka, ushauri wetu kwa hapa unategemea umeme wa mahali mnapopiga. Kanisa lenye soketi zilizopimwa na taa zilizotulia linaweza kufurahia koili moja na ung'avu wake. Ukumbi unaoendeshwa kwa jenereta, au wenye taa za mapambo zinazopunguzwa na kuongezwa mwanga, utamtesa mpiga koili moja, na zaidi wakati wa maombi ya kimya, ambapo mvumo husikika kuliko mhubiri. (Kitufe cha sauti kikishushwa hadi sifuri wakati huo, karibu tatizo lote huisha. Ni ajabu jinsi ushauri huu wa bure unavyosahaulika.) Iko pia njia ya kati: hambaka nyembamba, zilizotengenezwa kuingia katika nafasi ya koili moja bila kuchonga mbao. Sauti yake si sawa kabisa na koili moja, ila iko jirani, na mvumo unatoweka. Kwa gitaa la kwaya linalohama kutoka ukumbi hadi ukumbi, sisi tungeanza kuangalia hapo.

Kuhusu pikapu zinazotumia betri ya volti 9, tutasema machache. Ni tulivu sana kwa mvumo. Lakini betri huliwa muda wote kebo inapokuwa imechomekwa, na gitaa la kushirikiana, ambalo kila mmoja hudhani mwenzake ataichomoa kebo, litazimika katikati ya ibada.

Pikapu iliyo bora na isiyoingia kwenye gitaa lenu ni hasara. Kabla ya kusafiri, pimeni tundu lililopo: urefu, upana na kina. Pimeni pia umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale pikapu ya darajani inapokaa. Magitaa ya mfumo wa Gibson huwa karibu na milimita 50. Yale ya mfumo wa Fender huwa 52 au 53, na hambaka zake huuzwa kwa vipimo tofauti. Uliza pia kama pikapu ni ya darajani au ya shingoni, kwa maana nyingi hutengenezwa kwa jozi. Ile ya darajani husokotwa zaidi kwa sababu uzi hutikisika kidogo ukikaribia daraja. Vitufe vya sauti navyo vinahusika. Kwa kawaida koili moja huenda na kitufe cha kilo-omu 250, na hambaka huenda na cha 500. Mkiweka hambaka na kuacha vitufe vya 250, sauti itafifia, na mtailaumu pikapu isiyo na hatia. Mwisho, hambaka nyingi hutoka na nyaya nne za rangi, na rangi hizo hazifanani kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Karatasi ya mchoro iliyomo kwenye boksi si ya kutupwa. Fundi akikosea, pikapu mbili zikichezwa pamoja hupingana, na sauti hubaki nyembamba kama ya redio ndogo.

Twende sasa kwenye udanganyifu wenyewe. Majina makubwa ya biashara hii, kama Fender, Gibson, Seymour Duncan na DiMarzio, huigizwa duniani kote, kwa kuwa kuchapa jina juu ya kifuniko ni kazi nyepesi. Kinachoigizwa kwa shida ni vipimo. Mtengenezaji wa kweli huchapisha omu, aina ya sumaku na idadi ya nyaya za kila toleo. Muulize muuzaji toleo gani, lione jina hilo kwenye boksi, kisha pima mbele yake. Tofauti ndogo isikutishe, maana shaba hubadilika na joto: pikapu inayosoma kilo-omu 8.0 katika nyuzi joto 25 itasoma karibu 7.7 asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15, kama tunavyoijua baridi ya hapa chini ya Mlima Meru. Lakini boksi likisema 8 na mita ikasoma 14 au 5, hiyo si baridi. Muuzaji anayekataa pikapu isipimwe kabla ya kulipiwa amekwisha kukujibu.

Pikapu isiyo na jina kubwa, inayouzwa kwa bei yake ya kweli na maelezo yake ya kweli, ni bidhaa halali, na kwa kwaya changa yaweza kuwa uamuzi wa busara.

Sheria inasimama wapi? Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na kumpa maelezo ya uongo kuhusu aina, ubora au asili ya bidhaa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ndiyo inayoshughulikia kuweka alama ya biashara ya mwingine juu ya bidhaa isiyo yake. Tume ya Ushindani inashughulikia zote mbili. Yale maneno yanayochapwa chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", yasiwafunge midomo. Muuzaji anaweza kukataa kurudisha kwa sababu umebadili mawazo, au kwa sababu ulisahau kupima tundu la gitaa lako. Lakini maneno hayo hayamwondolei wajibu pale alipouza kitu chenye kasoro au alipokieleza kwa uongo.

Haki hiyo huhitaji karatasi. Daini risiti ya kielektroniki, na ombeni iandikwe jina na toleo la pikapu, si "spea ya gitaa" tu, kwani "spea ya gitaa" haiwezi kuthibitishwa kuwa ya uongo. Anayenunua ng'ambo ya Namanga au kwa mtandao ajue kwamba sheria zetu hazimfikii kwa urahisi muuzaji aliye nje, na kwamba ushuru wa forodha na kodi vinaweza kuongezwa juu ya bei aliyoiona kwenye simu. Bei hiyo ilinganishwe na ya duka la mjini baada ya kujumlisha yote, pamoja na nauli ya kurudi.

Kwa mafundi, nanyi ni watoa huduma mbele ya sheria. Andikeni kazi mliyokubaliana na malipo yake kabla ya kufungua gitaa. Msichonge mbao bila mwenye gitaa kukubali kwa maandishi, maana kilichochongwa hakirudi. Na pikapu ya zamani ni mali ya mteja: ifungwe kwenye mfuko na arudishiwe. Naye mteja aitunze, kwa sababu ikiwa mpya haitampendeza, ya zamani itarudi mahali pake, na siku atakapouza gitaa, mnunuzi ataiulizia.

Mwenye lalamiko asikae nalo hadi boksi litupwe. Aje na risiti, boksi, karatasi ya mchoro, pikapu yenyewe, picha ya mita ikiwa imeguswa kwenye nyaya zake, na ujumbe wa simu alioandikiana na muuzaji, ikiwa upo. Aende kwanza kwa muuzaji na kumweleza kwa maandishi anachokitaka: abadilishiwe, arekebishiwe au arejeshewe fedha. Akikataliwa, ndipo aje kwetu.

Tumekuja na mita tatu na bisibisi za kutosha. Tunaomba wenye magitaa waanze kupanga mstari huku kushoto, kila mmoja na kebo yake mwenyewe, kwa kuwa kebo ndiyo tutakayoipima kwanza.